Pembe za Madume

Chupa ile ninayo mpaka leo. Iko rafuni nyuma ya mzani, kati ya makopo ya salfa na paketi za mbegu za mchicha. Mvinyo uliisha zamani. Nimeitunza kwa ajili ya maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi ya nyuma, ambayo kwa muda mrefu niliyasoma kila asubuhi nikishafungua duka, kama wengine wanavyosali.

Duka langu ni la pembejeo, Kariakoo. Nauza mbegu, dawa za wadudu, dawa za ukungu na mabomba ya kupulizia. Tulilianza wawili, mimi na mume wangu, tukiwa hatuna hata kiti cha kumkalisha mteja. Binti yetu, mtoto pekee niliyejaliwa, alikulia humo humo, akiandika kazi za shule juu ya mifuko ya mbolea. Mizigo ya wateja wa mikoani tuliifunga wenyewe. Kariakoo kila duka lina fundo lake, ili mpagazi na mtu wa basi wautambue mzigo kwa kuangalia kamba tu. La kwetu nililirithi kwa mama yangu, aliyekuwa akifungia magunia ya mahindi kule Songea: mizunguko miwili na kitanzi kinachojificha chini. Ukijua pa kuvuta, linafunguka kwa vidole viwili. Usipojua, utatafuta kisu. Mume wangu alitafuta kisu miaka yote ya ndoa yetu. Binti alilimudu akiwa na miaka saba.

Kisha baba yake akaenda semina. Aliporudi alisema udongo una uhai na sisi tunauua kwa vipimo vya rejareja. Nikadhani ni homa itapita. Haikupita. Ndoa ikachechemea, ikafa, naye akarudi kwao Dodoma kwenye shamba la zabibu aliloachiwa na baba yake. Akaanza kilimo hai, tena si kile cha kuacha dawa tu, bali kile cha kufuata mwezi na nyota, cha kupanda na kupogoa kwa kalenda ya mbinguni. Binti alipomaliza chuo akamfuata, akawa ndiye mtengeneza mvinyo wa shamba. Hayo yote niliyameza. Watu huachana, na watoto huenda wanakotaka.

Kilichonikwama kooni ni karatasi ya chupa. Ilikuwa sherehe ya kumuaga binti wa shoga yangu, ukumbini Magomeni. Chakula kilichelewa, na mshereheshaji, kwa kukosa la kusema, akainua chupa ya mvinyo wa shamba lile la Dodoma iliyokuwa meza kuu, akaanza kusoma maneno ya nyuma kwenye kipaza sauti. "Kwa miaka mingi niliuza sumu Kariakoo. Nimetubu. Ndani ya chupa hii hamna sumu." Nusu ya ukumbi ilikuwa majirani na wateja wangu, na kila mmoja alijua duka lenyewe ni lipi na nani amebaki anauza humo. Walicheka, halafu wakageuka kuniangalia. Mimi nilikuwa na kijiko cha pilau mkononi.

Kesho yake wapagazi wa mtaa wetu wakaanza kuniamkia, "Shikamoo mama sumu." Nikawa naitikia marahaba, maana utani wa Kariakoo ukiugombeza umeukaribisha ukae. Lakini moyoni niliapa mambo mawili. Maneno yale yatatoka kwenye chupa, na mwenye kuyaandika atachekwa mbele za watu kama nilivyochekwa mimi.

Nafasi ya kwanza ilikuja kupitia kikundi chetu cha kinamama. Tulikuwa tunatafuta pa kutembea, mmoja akasema twende Dodoma kwa treni ya umeme tukaone mashamba ya mvinyo asilia. Sikupinga. Shamba la kwanza lilikuwa la mwalimu mmoja mstaafu, mjane, mwenye mistari michache ya mizabibu na mbuzi waliofungiwa mbali nayo. Tulipomuuliza kwa nini hatumii dawa, alisema alianza kwa kukosa hela ya dawa, akaona zabibu zinazaa vilevile, akaacha kuulizia. Mvinyo wake ulikuwa mkali kidogo ila wa kweli, na hakumhubiria mtu. Nilinunua chupa mbili.

La pili lilikuwa la aliyekuwa mume wangu. Alitupokea kwa kofia ya majani na sauti mpya, ya taratibu, kama ya padri anayesikiliza maungamo. Binti alinikumbatia, akanukia mapipa. Tukazungushwa shambani. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye majani, na si muda nikaona ninachokitafuta: madoa ya samawati. Mtu aliyeuza dawa za ukungu miaka yote hii haambiwi ile ni rangi gani. Nikapaza sauti kila mtu asikie kwamba huo ni mrututu, dawa ya ukungu, na mrututu mimi nauza.

Alinisubiri nimalize. Kisha akawaeleza wageni, kwa upole wa kuudhi, kwamba kanuni za kilimo hai zinaruhusu mrututu kwa kiasi kidogo kilichopimwa, na kwamba daftari la vipimo liko ofisini kwa anayetaka kuliona. "Mwenzangu wa zamani ana jicho la dukani," akasema. "Haoni mmea, anaona kopo." Wakacheka tena, safari hii na wenzangu wa kikundi. Nilikuwa nimesafiri kilomita zote zile kwenda kuongezewa aibu.

Lakini mtu anayependa kuhubiri husema zaidi ya anayoulizwa. Alituonyesha shimo ambalo kila mwaka, mvua zikiisha, huzika pembe za ng'ombe zilizojazwa kinyesi kibichi. Zinakaa ardhini miezi sita. Zikifukuliwa, kinyesi kimegeuka udongo mweusi usio na harufu mbaya, na huo hukorogwa majini saa nzima, upande huu kisha upande ule, ndipo unyunyizwe shambani. Pembe lazima ziwe za majike yaliyozaa, akasisitiza. Jike huacha mkunjo kwenye pembe kila akizaa, kama pete, wakati ya dume ni laini tupu, na pembe ya dume haifai kitu, heri uzike chupa ya soda. Akalalamika kwamba pembe nzuri ni shida kuzipata, na kwamba anaziagiza kwa fundi mmoja wa Dar es Salaam anayetengeneza vifungo na vitana.

Fundi huyo karakana yake iko uchochoroni nyuma ya duka langu. Pembe zake anazitoa machinjioni, na harufu yake naivumilia mwaka wa kumi na moja sasa. Kwenye treni ya kurudi wenzangu walisinzia, mimi nikawa natabasamu na dirisha.

Aprili agizo lilipoingia, nilikuwa tayari. Nilimwambia fundi mzigo ule nitaufunga mimi, kwa kuwa wa kwangu husafiri na basi lilelile. Nikakaa kwenye kigoda uchochoroni nikachagua pembe arobaini, moja moja, nikizipitisha kidole. Kila yenye mkunjo niliitupa pembeni. Fundi alinitazama mpaka akashindwa kunyamaza.

"Mama, hizo za madume. Yule mzee anataka za majike."

"Anajua kila kitu yule. Atazijua mwenyewe."

Dawa ya moto ni moto. Nilizitia kwenye gunia, nikafunga kamba, nikampa mpagazi. Kamba niliifunga huku nikiwaza sura yake siku ya kufukua, wala sikuangalia vidole vyangu vinafanya nini. Miezi sita iliyofuata nililala vizuri kuliko nilivyolala tangu ndoa ivunjike. Wakiniita mama sumu nilicheka nao. Nilikuwa nikipima salfa nafikiria pembe zangu kule chini, laini kama kioo, zikiwa zimejazwa mavi na imani.

Oktoba alialika watu kushuhudia ufukuaji. Tangazo lilikuwa wazi kwa yeyote, nikaenda peke yangu, nimevaa kitenge changu cha maana. Watu walikuwa wengi: wazungu wachache, wanafunzi wa kilimo, wenye hoteli za Dar, na mpiga picha. Nikasimama mbele kabisa. Alichimba kwa mikono, akatoa pembe ya kwanza, akaigonga kwenye ubao, udongo mweusi ukadondoka kwenye ndoo aliyoishika binti yetu. Watu wakanusa, wakashangaa. Alipofika ya tano nikainua mkono.

"Samahani, mzee," nikasema, kwa adabu zote nilizofundishwa. "Mtu atajuaje kama pembe ni ya jike au ya dume?"

Alifurahi kuulizwa. Akarudia somo lake la pete, neno kwa neno, na wenye simu wakamrekodi, jambo ambalo sikuwa hata nimeliombea. Akachukua pembe, akaifuta udongo kwa dole gumba, akaigeuza juani.

"Hii hapa," akasema. "Ndama watatu."

Akanipa. Nilipitisha kidole nikazisikia, moja, mbili, tatu. Nikainama nikachukua nyingine, ikawa na mbili. Nikachukua nyingine, na nyingine, mpaka nikawa nimepiga magoti shimoni na kitenge changu, pembe saba mapajani, na hakuna hata moja iliyokuwa laini. Juu yangu nikasikia sauti yake ya kipadri ikiwaambia wageni kwamba huyu mama alikuwa mwenzake wa biashara kule Kariakoo, na leo wote wameona udongo unavyomuita mtu. Wakapiga makofi. Heri wangecheka. Nikamtafuta binti kwa macho, naye alikuwa anaangalia ndani ya ndoo.

Wakati wa kuondoka binti alinifuata getini, amebeba gunia. Nililitambua kwa mbali, kwa kamba. Hapo ndipo nilipojua vidole vyangu vilifanya nini siku ile uchochoroni.

"Mzigo wako, mama," akasema. "Nilijua ni wewe kabla sijafungua."

Nikamuuliza kama baba yake anajua. Akasema hajui na hatajua. Zilipofika alizishika, akaona ni za madume, akalificha gunia nyuma ya mapipa, akazunguka mabucha ya vijijini siku tatu kwa bodaboda mpaka akapata arobaini nyingine. Nikamwambia hakutakiwa kujisumbua, kwamba ugomvi ni wangu na baba yake.

"Kukagua pembe ni kazi yangu, mama. Si ya baba. Angeulizwa nani?"

Miezi sita nzima nilikuwa nimeona sura moja tu shimoni. Ya kwake haikunijia hata mara moja. Aliniwekea gunia kwenye bajaji, akanibusu shavuni, akarudi kazini.

Kwenye treni nililiweka chini ya miguu. Nilikuwa na hasira, na zilikuwa zinazunguka behewa zima zikitafuta pa kukaa: kwa yule bwana na bahati yake, kwa makofi yale, kwa mtoto anayemlinda. Stesheni nilimkataa mpagazi, nikalibeba mwenyewe mpaka dukani.

Asubuhi yake ndipo nilipotaka kulifungua. Nikatafuta kitanzi kilichojificha, nikavuta. Halikufunguka. Nikavuta tena, nikaliuma kwa meno. Binti alikuwa amelifunga vilevile nilivyomfundisha, kila mzunguko mahali pake, ila alikuwa amelikaza kwa nguvu zake zote. Nilihangaika nalo mpaka mteja wa kwanza akaja na kuondoka. Mwisho nikachukua kisu.

Pembe zangu zilikuwemo, arobaini. Katikati yake kulikuwa na chupa iliyoviringishwa gazeti, mvinyo wa mavuno mapya. Niliigeuza nyuma kwa mazoea. Ile habari ya sumu haikuwepo. Nilisoma tangu juu mpaka chini, nikasoma tena, nikidhani wameihamishia pembeni. Mahali pake waliandika kwamba mvinyo huu umetengenezwa na binti aliyekulia Kariakoo, dukani kwa mama yake.

Nilimpigia simu. Alisema amekuwa akimwomba baba yake abadilishe maneno yale tangu aliposikia habari ya Magomeni, na kwamba baba alikubali mwezi wa nne. Mwezi wa nne gunia langu lilikuwa njiani. Kama pembe zile zingezikwa na mimi nikasimama mbele ya watu na swali langu, yeye ndiye angefukuzwa kazi, na maneno yangebaki. Hakuyasema hayo. Niliyapanga mwenyewe, nimekaa juu ya mfuko wa mbolea, simu imeshakatika.

Baba yake sijamsamehe, na sitaki mtu aniletee habari za kusamehe. Wapagazi bado wananiita mama sumu, na ile chupa ya zamani nimeiacha rafuni kwa makusudi, nikiona hasira zinapoa naisoma. Mpya nimeiweka kabatini nyumbani, sijaifungua.

Aprili agizo likaingia tena. Nilikaa uchochoroni nikachagua arobaini, zote za majike, fundi ananitazama. Nikatia kwenye gunia, nikafunga fundo letu, safari hii nikiviangalia vidole. Sikulikaza.