Rangi Mbichi kwenye Lango la Donka

Donka Paskaleva alipaka rangi lango lake siku ya Alhamisi, katikati ya Novemba, msimu ambao katika mji wetu hata soksi haikauki. Kila aliyepita alimwambia hivyo. Muuza mkate alimwambia, tarishi wa posta alimwambia, na jirani wa upande wa kanisani aliweka kabisa vikapu vyake chini ili amweleze vizuri. Donka aliwapa wote jibu moja: mwanawe anarudi Jumamosi, harudi mwezi wa Mei.

Sote tulijua anarudi kutoka wapi. Miaka saba nyuma, kwenye mtambo wa rakia, pombe yetu kali, ambako kila nyumba hupeleka zabibu zake zilizochacha na kungoja zamu ya kuzichemsha, Kalin mwana wa Donka aligombana na Veselin mwana wa Nedelya juu ya nani alifika kwanza. Walikuwa wamekwisha kuionja sana pombe ya waliotangulia. Kalin alimpiga mwenzake kwa gogo la kuni, mara moja, na mara moja ilitosha. Polisi walimkuta amesimama palepale, gogo bado mkononi. Kwa hiyo miaka saba ya aliyekufa na miaka saba ya aliyeua ilikuwa inatimia siku moja, na kwa siku hiyo Donka alitaka kitu kimoja tu: Kalin akute lango safi.

Halikuwa safi. Kwetu karatasi ya marehemu, ile yenye picha na ukingo mweusi, hubandikwa siku ya arobaini, baada ya nusu mwaka, kisha kila mwaka. Nedelya alibandika za mwanawe kwenye lango lake mwenyewe, kwenye kituo cha basi, na kwenye lango la Donka. Na karatasi ya marehemu haibanduliwi kwa mkono; inaachiwa mvua na upepo. Padri alimwambia Donka kwamba kanisa halina sheria kama hiyo. Lakini padri ni mtu wa kuja, na Donka alikuwa na maisha yaliyobaki ya kuishi na wanawake wa hapa, si na padri.

Mvua ilifanya kazi yake kwa miaka miwili. Mwaka wa tatu Nedelya akagundua nailoni. Tangu hapo kila karatasi ilikuja ndani ya mfuko wake, imepigiliwa misumari midogo minne, na mvua iliteleza juu yake bila kuidhuru. Zilikuwa nne sasa, zimepangwa mstari mmoja kwenye mbao: Veselin wa mwaka wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita, wote kwa tai ileile na tabasamu lilelile la kupigwa picha. Donka alipita mbele yao akienda kununua maziwa, akapita mbele yao akirudi.

“Angalau angebadilisha picha,” aliniambia siku moja, na hakuwa akitania.

Alhamisi ile, basi, alipaka rangi pembeni mwake tu. Alichukua brashi nyembamba ya kupakia mapambo ya jukwaani, akaizunguka kila karatasi kwa uangalifu asije akaigusa, kijani kikali cha mlango wa zahanati. Alipomaliza akarudi nyuma hatua tatu kutazama. Lango lote lilikuwa linang'aa, na katikati yake zile karatasi nne, kila moja katika fremu yake ya kijani, zilionekana kama picha za watakatifu ukutani kanisani. Alikuwa amempamba Veselin. Alitupa brashi ndani ya ndoo, akaingia ndani akaufunga mlango kwa kishindo tulichokisikia mtaa mzima.

Brashi ile ilikuwa ya nyumba ya utamaduni, ambako Donka alikuwa mnong'onezi wa kikundi chetu cha maigizo kwa miaka thelathini na moja. Alikaa katika kijisanduku chini ya ukingo wa jukwaa na daftari mapajani, na mwigizaji akisahau, yeye humtupia neno. Mimi nilishughulikia taa, kwa hiyo nilimwona kwa juu: kisogo, miwani, kidole kikitembea kwenye mstari. Na mwigizaji wetu mkuu wa kike, tangu ujana wake hadi leo, ni Nedelya.

Hakuna aliyeacha. Mji una kikundi kimoja. Kwa miaka saba Nedelya hakumsalimu Donka, hakumjibu, hakukaa naye upande mmoja wa meza ya chai. Lakini alipokwama jukwaani alisita nusu pumzi, neno likapanda kutoka chini, naye akalipokea bila kuangalia lilikotoka. Sijui kama huko ni kuzungumza. Nimelifikiria sana suala hilo nikiwa juu na taa zangu, sijapata jibu.

Mwezi wa Septemba walitutumia mwongozaji mpya kutoka jiji la Plovdiv, kijana mrefu aitwaye Luben, pamoja na tamthilia aliyoiandika mwenyewe. Watu watatu, jiko moja, jioni moja: mtoto aliyeua anarudi nyumbani kutoka gerezani. Aliapa kwamba ameitunga kichwani na hakuwa amesikia lolote kuhusu sisi. Akampa Nedelya nafasi ya mama wa muuaji. Tulimvuta Luben pembeni tukamweleza. Alisikiliza, macho yakazidi kung'aa, akasema hiyo ndiyo sababu hasa. Nedelya mwenyewe alipoulizwa kama ataweza alisema amekwisha kuwa malkia, mchawi na mke wa waziri, na huyu mama atamzidi nini?

Luben hakutaka watazamaji wakae ukumbini. Alipanga viti arobaini juu ya jukwaa lenyewe, kuzunguka meza, ili watu wasikie kijiko kikigusa sahani. Kijisanduku cha Donka kikawa hakina maana. Akamhamishia ndani ya kabati la vyombo, hatua moja nyuma ya kiti cha Nedelya, mlango ukiachwa wazi upana wa vidole viwili.

“Nina miaka sitini na mitatu,” Donka alimwambia. “Magoti yangu hayana habari na sanaa yako.”

“Shangazi, ni saa moja na nusu tu.”

“Kaa wewe basi. Mimi nitakuja kupiga makofi.”

Akakaa yeye, bila shaka. Kila zoezi alikaa, na kila zoezi Nedelya alikwama mahali palepale. Mwishoni mtoto anasimama mlangoni na mkoba wake, na mama anatakiwa amwambie: “Ingia, chakula kinapoa.” Maneno matatu. Mwanamke aliyekariri kurasa arobaini za malkia hakuweza kuyashika. Sauti kutoka kabatini ikayasema, naye akayarudia kama anayesoma maandishi ya chupa ya dawa. Luben alijishika nywele. Sisi wengine tuliangalia viatu vyetu.

Onyesho la kwanza lilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Viti arobaini vilijaa. Watu walikuwa wamekuja kumwangalia Nedelya, na waliojua kuhusu kabati walikuwa wanaliangalia kabati. Supu ilikuwa ya kweli, Luben alitaka harufu. Kila kitu kilikwenda hadi mtoto akasimama mlangoni.

Nedelya aliinuka, akaweka mikono mezani. Kimya.

“Ingia,” likasema kabati.

Niliona mtu wa safu ya kwanza akimgusa mkewe kwa kiwiko.

“Ingia, chakula kinapoa,” likasema kabati tena, na safari hii waliosikia walikuwa wote.

Nedelya akageuka. Alimpa kijana wa mlangoni mgongo, akaangalia ule upenyo wa vidole viwili.

“Nimekusikia mara ya kwanza, Donka,” alisema kwa sauti yake ya kila siku, ile ya foleni ya mkate. “Nipe muda.”

Tukampa muda. Sikumbuki ni kiasi gani. Mvuke wa supu ulikuwa umekwisha alipomgeukia yule kijana na kuyasema maneno yake matatu, taratibu, bila uzuri wowote. Watu walipiga makofi kwa sababu hawakujua wafanye nini kingine. Luben alikimbilia nyuma ya jukwaa akiwa na furaha ya kichaa, akitaka tukio lile libaki hivyohivyo kila onyesho, hata lile jina la Donka. Donka, ambaye tulikuwa bado tunamsaidia kunyoosha miguu, alimwambia aende akajinong'oneze mwenyewe.

Jumamosi basi la kutoka gerezani hupita saa sita. Saa tano na nusu Nedelya alitokea mwisho wa mtaa na karatasi ya mwaka wa saba ndani ya nailoni, misumari, na nyundo ndogo. Donka alikuwa amesimama nje ya lango na aproni yake. Alituambia baadaye kwamba tangu alfajiri alikuwa anapanga maneno ya kumsihi, na kwamba yote yalimtoka kichwani.

Nedelya alisimama. Aliangalia zile fremu nne za kijani kwa muda mrefu. Akagusa ubao kwa kidole, akakitazama kidole.

“Rangi mbichi.”

“Ya juzi,” alisema Donka. “Hali ya hewa hii.”

“Nani anapaka rangi Novemba?”

“Wameshaniambia.”

Msumari hauzuiwi na rangi mbichi. Wote wawili walilijua hilo. Nedelya alijifuta kidole kwenye nguzo ya umeme, ile ya mbao iliyo hatua nne kutoka langoni, kisha akaipigilia karatasi yake hapohapo, misumari minne.

“Mwaka kesho itakuwa imekauka,” alisema, akaondoka.

Kalin alishuka kwenye basi akiwa mnene kuliko tulivyomkumbuka, na mkoba mmoja. Hakuangalia lango. Alisimama mbele ya nguzo, akasoma, midomo ikitembea. Kisha akageuka akaziona zile nyingine nne, akaanza kuzisoma nazo, kuanzia ya kwanza.

Donka alivumilia hadi ya pili.

“Zitakuwepo kesho pia,” alisema. “Shika hapa chini, pamekauka. Huko juu utajipaka rangi.”

Akashika chini, akasukuma lango.