Muuza Mikate wa Kwenye Chenga

Nimekana kwa miaka mingi, mbele ya ndugu zangu na hata mbele ya wanafunzi, lakini ni kweli: mimi ndiye niliyemfufua yule mwanamke wa mikate. Wenzangu walikuwa na makosa ya ujana ya maana, ya kuandika maneno ukutani na kufukuzwa shule. Langu lilikuwa la tafsiri. Nadhani linanifaa.

Tulikuwa tunakaa Temeke, kwa shangazi yangu. Mumewe alikuwa baharia, na katika safari moja alirudi na televisheni, wakati huku bara hapakuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Lakini Unguja walikuwa wakirusha matangazo, na ukiifunga antena juu ya mti mrefu wa mkoko, upepo wa baharini ukikubali, picha zilivuka maji na kutufikia zikiwa zimechoka. Zilifika na chenga, vidoti vyeupe vikicheza kioo kizima. Mchezo tulioungoja kila wiki ulikuwa wa vita vya Wazungu: nchi imetekwa, wapiganaji wamejificha msituni, na theluji inaanguka mfululizo. Hakuna kati yetu aliyewahi kuiona theluji. Mpaka leo sijui ipi ilikuwa ya kwao na ipi ilikuwa ya antena yetu. Watu walitokea ndani ya weupe ule, wakasema jambo, wakayeyuka, na sisi tuliokaa mkekani tukasikia ubaridi wa mbali huku jasho likitutiririka mgongoni.

Walisema Kiingereza. Nilikuwa kidato cha tatu, kwa hiyo nikawa mkalimani wa uwanja mzima. Nusu ya maneno sikuyaelewa, ila sikuruhusu jambo dogo kama hilo linizuie. Baadaye, nilipofika chuo kikuu, nikakuta huo ndio utaratibu.

Mbele kabisa, kwenye kiti pekee chenye mgongo, alikaa balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuwa fundi cherehani, mtu mnyoofu, aliyekiamini Chama kama wengine wanavyoamini dawa. Mchezo ulipoisha alifungua kikao: nani kakosa, nani kafanya sawa, sisi tungefanyaje. Watoto tuliruhusiwa kusema, mradi tunyooshe mkono.

Sasa, televisheni ile ilikaa juu ya katoni za sabuni zilizofunikwa kanga. Shangazi aliziuza mche mmoja mmoja kwa bei ya magendo, kwa watu aliowaamini. Sabuni ilikuwa imepotea madukani, walanguzi wakisakwa nyumba kwa nyumba, na aliyekamatwa aliwekwa ndani. Akili ya shangazi ilikuwa hivi: mahali salama pa kuficha kitu ni pale ambapo balozi anapatazama kila wiki.

Wiki ile mchezo ulimhusu mwanamke mjane mwenye watoto, anayewauzia mikate askari wa adui kwa kuwa wao ndio wanaonunua. Wapiganaji wakabishana: huyu ni msaliti au ni mama tu? Kabla hawajaamua, upepo ulipiga. Kanga ikapanda kama pazia, na upande mzima wa katoni ukaonekana, maandishi na yote. Balozi akatazama. Shangazi akainuka, akaishusha kanga taratibu kama mtu anayemfunika mtoto, akarudi kukaa. Kwenye chenga yule mwanamke alipelekwa nyuma ya nyumba yake. Mlio ukasikika. Akaanguka polepole, weupe juu ya weupe.

“Imekuwaje?” balozi akaniuliza, wala hakuwa anatazama televisheni.

Nikasema wamemsamehe. Nikasema risasi ilikuwa ya kumtisha, kaanguka kwa woga tu. Wakubwa wa msituni wameona kwamba mwenye njaa si adui, na sasa atavushwa mto pamoja na wanawe. Midomo ya kule ilikuwa imeshafumba zamani, mimi bado naendelea kutafsiri.

Jirani yetu mchongaji, aliyevuka Ruvuma kukimbia vita vya kwao, alicheka kidogo.

“Kwetu alikuwepo mama mmoja akiwapelekea unga askari wa Mreno,” akasema. “Vijana wetu wa msituni wakamuua. Unga wake tukaula.”

“Nyie wa kusini,” shangazi akasema, akijitahidi kutania, “mnakula hata ushahidi.”

Hakuna aliyecheka. Balozi akasema vita ina sheria zake. Mchongaji akamuuliza, kwa heshima zote, vita ipi, mzee, ya nani na nani? Kikao kikafungwa mapema. Nimefundisha somo la haki na usaliti tangu hapo, nimesoma wanafalsafa wenye ndevu ndefu, na bado sijapata swali linalolizidi lile. Wapiganaji walikuwa na haki, hilo sikulitilia shaka. Hata Chama nilikiamini. Ila aliyenilisha alikuwa shangazi.

Asubuhi yake habari zikaenea kwamba wasakaji wanakuja upande wetu, na kila balozi apige simu tawini kwa Chama kusema waanzie nyumba ipi. Simu yetu mtaani ilikuwa kwenye duka la ushirika. Shangazi alinichukua tukapange foleni ya sabuni pale pale, maana asiyepanga foleni ya sabuni watu humuuliza anafulia nini. Balozi akaingia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaenda moja kwa moja kwenye simu.

Laini ilikuwa mbovu, hivyo alipaza sauti na foleni nzima ikasikia. Akajitambulisha. Akasikiliza. Akasema ndiyo, ipo nyumba moja, ana shaka nayo. Vidole vya shangazi vilizama mkononi mwangu.

“Lakini leo msije,” balozi akasema. “Njooni kesho. Leo mtaani kwangu tuna msiba.”

Sikujua msiba wowote. Shangazi naye hakujua, lakini alikuwa mwepesi kunipita. Aliniachia mkono, akatoka kwenye foleni bila kuaga, akashika njia ya nyumbani, kwenye katoni zake. Upande wa pili wa simu bila shaka waliuliza kafa nani, kwa sababu balozi aligeuka na kunitazama, safari hii usoni hasa.

“Mwanamke mmoja mgeni,” akasema. “Alikuwa akiuza mikate. Kaanguka jana mbele ya macho yetu sote, na hakuinuka.”