Gari Jeupe Lililobaki Nuu

Siku chache baada ya kumzika mdogo wangu wa mwisho, mtu tusiyemjua alimpigia mume wangu simu kuuliza kama turbo ya lile gari la buluu ilikuwa bado nzima. Tulikuwa mezani nyumbani kwetu Kibwezi, tunakula chakula cha mchana. Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia haiuzwi, akaiweka simu kifudifudi kando ya sahani. Hakumaliza kula. Nilipomuuliza ni nani akanieleza, na tangu hapo nikawa nazunguka nyuma ya nyumba ili nisipite karibu na banda la gari.

Kwa maana magari yalikuwa mawili. La buluu ndilo lililomuua ndugu yangu. Jeupe lilikuwa bado bandani, chini ya kitambaa chake cha pamba.

Mume wangu ni mkulima wa kando ya mto. Anapanda nyanya, vitunguu na matikiti, anapampu maji, anauzia magari yanayoelekea Mombasa. Si mtu wa anasa. Pombe hanywi, nguo zake namnunulia mimi. Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kikimtoa macho: yale magari ya saluni yenye turbo. Ukiyaona kwa mbali utadhani ni ya kupeleka watoto shule, milango minne na buti ya kutosha magunia. Lakini bonneti ina tundu la kunyonya hewa, na ndani yake kuna ile mashine ndogo inayosukuma hewa kwenye injini kwa nguvu, gari likapata mbio ambazo umbo lake halikuahidi. Kiwanda kimeacha kuyatengeneza. Yaliyofika Kenya yalikuwa machache, na mengi yake yalinunuliwa na vijana wakayatoboa silensa, wakayabadilisha rangi, wakayaongeza nguvu mpaka injini zikapasuka. Mume wangu aliamini kwamba lile ambalo halijaguswa, lenye taa zake, viti vyake na hata kofia za nati zilizotoka nalo kiwandani, siku moja litakuwa na thamani kama shamba linalopakana na maji.

Ndugu yangu ndiye aliyemwelewa. Alikuwa kitinda mimba wetu, fundi wa sola mjini Kitui, na kila alipopata nafasi alishuka Kibwezi, wakaingia bandani wakasahau hata chai. Jeupe mume wangu alikuwa amelinunua kwa daktari aliyekuwa akihamia ng'ambo. La buluu walilipata pamoja huko Mbumbuni, kwao mume wangu, kwenye boma la mjane mmoja. Lilikuwa limefunikwa turubali, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Watu walikuwa wamemshawishi yule mama aliuze kama chuma chakavu. Wao wawili walimweleza ni gari gani hilo na lina thamani gani, ndipo wakaanza kuelewana bei. Kaka zangu wakubwa waliposikia hivyo walisema huo ni ujinga. Ndugu yangu aliwajibu kwamba yeye hataki kuendesha gari la wizi.

Walilifufua polepole. Taa moja ilitoka Mombasa, usukani wa asili ukapatikana kwa mtu wa Thika, kiti cha dereva kikaja kwa meli. Mume wangu ndiye aliyelipia, lakini lilipokamilika alimkabidhi ndugu yangu funguo. Nakumbuka ndugu yangu alikaa ndani bila kuliwasha, akinusa tu.

Siku ya ajali alikuwa ametoka kwa mama yetu huko Nuu, kumfungia taa ya jikoni. Aliteremka kwa ile lami inayotoka Kitui kupitia Mutomo kuja Kibwezi, barabara iliyonyooka, mchana kweupe. Kabla hajatufikia, punda waliingia barabarani. Hakuna anayejua alikuwa akienda kasi gani. Mchungaji wa punda hao alisema alisikia mlio kwanza, kisha akaona vumbi. Kwenye mazishi, mhubiri aliongea juu ya vijana na haraka zao, bila kutaja mtu, na mama yetu akamkazia macho mpaka akahamia andiko lingine. Kaka zangu hawakuzunguka. Walisema mbele ya watu kwamba mume wangu amemuua mtoto wa wenyewe kwa vitu vya kuchezea. Mume wangu alikuwa ameshika koleo. Aliendelea kujaza udongo.

Baada ya hapo hakuingia bandani ila kuliwasha lile jeupe mara mojamoja, ili betri isife. Watu wa bima walipotaka gari likadiriwe upya, mthamini alikuja kutoka Nairobi. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alipima unene wa rangi kwa kifaa kidogo alichokigusisha kila mlango, akalala juu ya katoni akamulika chini kwa tochi, akalinganisha namba za injini na za chasi. Nilimletea chai palepale bandani. Aliinuka akijipangusa magoti, ameridhika sana, akasema gari limepanda bei kuliko alivyotarajia.

Mume wangu akauliza limepandishwa na nini.

"Zimebaki chache, mzee," kijana akasema. "Kulikuwa na nyingine kama hii huku kwenu, ya buluu, safi sana. Ilianguka. Ile ilipoisha, hii ikapanda."

Hakujua. Nani angemwambia? Niliweka sinia juu ya pipa la maji. Mume wangu alimshukuru, akamsindikiza mpaka langoni, akamfungia shada la vitunguu kama anavyomfanyia kila mgeni. Aliporudi alisimama mbele ya gari kama mtu aliyesahau alichokuja kutafuta.

"Toa hii kitu kwangu," nikamwambia.

Akasema, "Mama watoto, nikiiuza leo, nitakuwa nimekula ile bei."

"Na ukiiweka?"

"Nikiiweka inazidi kupanda."

Hatukulizungumzia tena kwa muda mrefu. Wanunuzi walipiga simu. Wengine walikuwa watu wazima wenye mikusanyo yao, waliosema watalihifadhi vizuri. Wengine walikuwa vijana, na kwa maswali yao ungejua wanataka injini tu. Mume wangu aliwajibu wote kwa upole na hakumpa yeyote siku ya kuja. Usiku nilimhisi akiwa macho. Nilikuwa na hasira naye, kisha nikamwonea huruma, kisha hasira ikarudi. Hata kanisani, wimbo ulipokuwa ukiimbwa, nilijikuta nikijiuliza lile gari lina thamani gani wiki hii, na nikaona aibu.

Kaka zangu nao walisikia habari za mthamini. Sijui nani aliwaambia. Walianza kumwambia mama kwamba gari litauzwa kwa pesa nyingi na familia ya marehemu haitapata kitu. Mama akanipigia simu. Nilijitayarisha kueleza mambo ya bei, lakini hakuuliza bei.

"Nataka kuiona," akasema. "Si picha. Ileteni."

Tuliondoka asubuhi. Mume wangu aliendesha taratibu mpaka malori ya mchanga yakatupita, madereva wakituchungulia, kwa sababu gari kama lile haliendeshwi hivyo. Sikuweza kupatambua mahali pa ajali. Majani yalikuwa yameota kila upande. Yeye alipatambua. Alihamisha mikono kwenye usukani, akakaza macho mbele moja kwa moja mpaka Kitui. Kutoka Mwingi kwenda Nuu lami ilituishia, na kwa kuwa gari liko chini sana, kila jiwe lilikwaruza tumbo lake. Zamani mlio mmoja wa namna hiyo ungemfanya ashuke akague. Hakushuka hata mara moja.

Mama alikuwa akitungoja mlangoni, amevaa kitambaa chake cha kanisani. Lazima nieleze hapa kwamba kwetu Wakamba kuna nthoni, ile heshima ya wakwe. Mama mkwe hakaribiani na mume wa binti yake. Hawaketi kiti kimoja, hawashikani mikono ovyo, hata kusalimiana ni kwa mbali. Tumeokoka, na mengi tumeyaacha, lakini hilo mama hakuwahi kuliacha. Kwa hiyo alipolizunguka gari, akafungua mlango wa mbele mwenyewe na kuketi kando ya mume wangu, nilishika ukuta. Mume wangu alijibana kwenye mlango wake kama mwanafunzi.

"Washa," mama akasema.

Akawasha.

"Sasa ifanye vile mtoto alikuwa anaifanya ile yake."

Mume wangu akamweleza kwamba barabara ya Nuu si nzuri, wataumia.

"Sijasema twende. Nataka kusikia ile sauti."

Alikanyaga mafuta. Mlio ulipanda ukajaza boma lote, na alipoachia ukafuata ule mluzi wa turbo, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Kuku walitawanyika. Majirani walikuja kwenye ua wakasimama. Mama akasema, "Tena," mume wangu akarudia, na mama hakusogea, mikono imelala mapajani.

Nilikuwa nimesimama dirishani kwake, kwa hiyo nilisikia alichouliza baada ya hapo.

"Alikuomba hiyo ingine, ama ulimpa?"

"Hakuomba, Mama. Nilimpa."

"Hakuomba hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Mama aliitikia kwa kichwa. Nilidhani atalia, au atamlaani. Alitazama mbele, kule ghala la mtama lilipo. Kisha akasema, "Iache hapa."

Mume wangu alinitazama mimi. Alijua, nami nilijua, jua la Nuu linafanya nini kwenye rangi ya gari, na vumbi, na mbuzi wanaopanda kila kitu. Aliiacha injini ingurume kidogo ipoe, kama turbo inavyotaka, akaizima. Hakumpa mama funguo mkononi. Aliziweka juu ya dashibodi, na mama akazichukua hapo. Tulirudi Kibwezi kwa basi.

Gari liko huko mpaka leo, chini ya mabati aliyoyasimamisha jirani. Mama akitoka kanisani hufungua mlango, huketi kiti cha mbele miguu ikiwa nje, akachagua pojo kwenye ungo. Watu walisema maneno. Mchungaji wa kanisa lake alifika kumuuliza kama hilo gari halijawa sanamu kwake, naye akamkaribisha aketi kiti cha dereva. Mume wangu hupanda Nuu kila mwezi kuliwasha. Kitambaa cha kupangusia hakibebi tena. Panya wamekula nyaya, ubavu wa magharibi umefifia, na mbuzi mmoja amekunja lile bawa lililo juu ya buti.

Sijui mama alimsamehe au alimwadhibu. Siku moja nilimuuliza mume wangu anaonaje. Alisema hilo si lake kuuliza. Akirudi kutoka Nuu hula vizuri na kulala, kisha siku zinavyosonga anaanza tena kukaa macho, mpaka siku ya kwenda Nuu ifike. Nimejaribu kuona kama hiyo ni nafuu. Siku nyingine naona ni nafuu, siku nyingine naona tumempeleka mahali pa kwenda kuhukumiwa kila mwezi.

Mwaka huu mama alianguka jikoni. Nyonga yake haikuvunjika, lakini hatembei vizuri, na sauti yake kwenye simu imekuwa nyembamba. Kaka yangu mkubwa alinipigia juzi. Nilidhani ni habari ya hospitali. Tuliongea juu ya dawa kidogo, halafu akauliza, akijifanya amekumbuka tu, lile gari kwa sasa lina thamani gani, maana liko kwenye boma la mama, na vitu vya boma la mama ni vya watoto wote.

Nilimpa mume wangu simu. Alisikiliza, mkono mwingine umeshika bomba la maji.

"Sijui," akamwambia. "Siku hizi sijui kabisa."

Kaka akasema basi ataleta mthamini wake mwenyewe kabla ya mvua. Kesho tunapanda Nuu na dawa za mama. Mume wangu ameniambia nimweleze mimi habari ya huyo mthamini, kwa kuwa ni mama yangu. Mimi naona ni yeye anayepaswa kumweleza, wakiwa wameketi mle ndani ya gari. Hatujakubaliana, na nguo zimeshapangwa kwenye begi.