Mkono Uliokuwa Kishale

Ndugu yangu mdogo alituachia flash moja, na ndani yake mlikuwa na faili moja tu ambayo mama aliitaka. Ulikuwa mkono mdogo ulioshika majani ya chai, aliouchora kwa mistari myeusi ili uwe kishale cha kompyuta yake. Ukisogeza kipanya, mkono unatembea kwenye skrini. Likizo moja alimwonyesha mama, na mama alicheka hadi akakaa chini. Sasa ndugu yangu alikuwa ametimiza mwaka kaburini, ibada ya kumbukumbu ilikuwa Jumamosi, na mama alitaka mkono ule uchapishwe kwenye kadi. Kompyuta yenyewe ilishakufa. Nakala nyingine haikuwepo popote.

Alhamisi nilienda mjini Sotik, kwenye saiba, duka la kompyuta na uchapishaji, na flash kwenye mfuko wa shati, nikiigusa kila baada ya hatua mbili. Mimi ni mtu wa wasiwasi, sifichi. Msichana wa saiba aliitazama ile faili, akakunja uso.

"Hii ni ya cursor, boss. Sio picha. Printa haiwezi soma."

"Si unaweza igeuza?"

"Ngoja nirename tu."

Kabla sijafungua mdomo alifuta herufi tatu za mwisho wa jina, akaandika zile za picha ya kawaida. Akabofya. Skrini ikasema faili imeharibika. Nilimfokea, niseme ukweli, mpaka wateja wakageuka. "Umeiua!" nikasema, na neno lenyewe likanichoma.

Alirudisha jina la zamani, na faili ikawa kama ilivyokuwa. Kumbe kubadilisha jina si kugeuza faili. Ni kama kuandika "ngano" kwenye gunia la mahindi. Safari hii alitengeneza nakala kwanza, akatafuta programu inayofungua vishale, akaihifadhi upya kama picha. Ikatoka nyeusi tititi, mistari yote imemezwa. Nikashika meza. Akabofya mahali, nyuma pakawa peupe, na mkono ukaonekana. Nilimwomba msamaha. "Relax, mzee," akasema, ingawa sijafika arubaini.

Kisha akaikuza ienee kadi. Picha ya kishale ni ndogo kuliko ukucha, kwa hiyo mistari ilitoka na meno meno. Ndipo nilipoona. Kulikuwa na kichipukizi, majani mawili, na chini yake jani la tatu, limepinda nje.

Mimi ni karani wa kituo cha kununua majani chai, upande wa Roret. Kazi yangu ni kutia mkono kwenye gunia la mtu na kutupa kila kilichozidi majani mawili na kichipukizi. Nimewarudisha watu nyumbani na majani yao, shangazi zangu wakiwemo. Sasa nigawe kadi yenye jani la tatu mbele ya kanisa lililojaa wakulima? Wangecheka chini chini: kumbe ndugu ya karani hajui kuchuma. Nilijiambia kwamba namlinda marehemu.

"Toa hilo la chini," nikasema. Akalifuta, akachapisha kadi zote.

Mama nilimkuta mlangoni akichambua mboga za managu. Alipangusa mikono, akaishika kadi mbali na macho, kisha karibu. Nilingoja acheke.

"Kidole iko wapi?"

"Kidole gani, mama?"

Akauinua mkono wake wa kulia. Kidole gumba kimepinda nje tangu kilipovunjika shambani, kabla mimi sijaanza shule, kikapona hivyo hivyo, na hivyo hivyo akachuma nacho chai iliyotusomesha.

"Yeye aliweka. Nani ametoa?"

Nilishindwa kumtazama. Nilimwambia ni mimi, kwamba faili ya kwanza bado ipo, kwamba kesho asubuhi nitarudi Sotik zichapishwe upya. Alikubali kwa kichwa, akarudia mboga zake. Angenigombeza ningepata nafuu.

Ndugu yangu aliishi Nairobi miaka mingi, na bado alikikumbuka kile kidole. Mimi hupokea kikombe kutoka mkono ule kila asubuhi, na nilipokiona nilikitupa kama jani bovu.