Walipigana Akina Nani

Mpaka leo nikiulizwa swali la historia, jibu hunitoka kabla sijafikiri, na hilo ndilo linalonichukiza. Nani alivumbua njia ya bahari ya kwenda Bara Hindi? Kwa nini dola ya Kirumi ilianguka? Mashine ya mvuke ilileta faida gani? Niulize tu. Nitakujibu kwa maneno yale yale niliyoyameza nikiwa na miaka kumi na tisa, vita vya pili vya dunia vikiendelea, nikitafuta cheti cha ualimu.

Maneno hayo yalikuwa katika kijitabu chembamba chenye maswali arubaini na majibu yake, kilichochapwa zamani, kabla ya vita hivyo. Mkaguzi wa shule, Mzungu aliyekaa Kizingo, mtaa wa wakubwa wa Serikali, alikuwa akikishika mkononi na kukuuliza kwa mdomo. Ukikosea matatu, unarudi nyumbani. Mimi sikuwa na nafasi ya kurudi nyumbani. Baba alikuwa ameshakufa, kaka yangu amechukuliwa na jeshi kuendesha malori huko Bama, ng'ambo ya Bara Hindi, na mama amebaki akinitazama mimi.

Sisi tulijua njia moja tu ya kujifunza, ile ya chuo cha Kurani: unahifadhi, kisha unakaa mbele ya mtu aliyeshika msahafu akusikilize. Ukiruka neno, unarudishwa mwanzo. Kwetu msikilizaji alikuwa mama. Lakini mama alisoma herufi za Kiarabu pekee. Hizi nyengine za Kizungu aliziona kama nyayo za kuku. Basi nilikaa siku tatu nikamnakilia kijitabu kizima katika daftari, Kiswahili kile kile kwa herufi anazozijua. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka juu ya marufaa, kile kiti cha mbao cha kuwekea msahafu, na kila baada ya sala ya alasiri nikaketi mbele yake kumsomea habari za dunia.

Alikuwa mkali, na mwenye mzaha pia. Jibu la njia ya Bara Hindi lilimtaja Mreno. Mama akasema, "Kumbe Mabaniani wa maduka ya Ndia Kuu hawakuwa wakijua kwao ni wapi, hata Mreno akaya akawavumbulia."

Swali jengine liliuliza kama vita vikuu vyaweza kutokea tena. Jibu: La, kwa kuwa mataifa yamejifunza. Nililisema hilo na madirisha yetu yamezibwa kwa karatasi nyeusi, ndege za adui zisione taa, na bandari ya Kilindini imejaa manowari. Mama alitazama dirisha, akatazama daftari, kisha akaniambia niendelee. Tulilelewa kutobishana na maandishi, naye hakujua kwamba si kila kitabu ni msahafu.

Ndipo tukafika swali la kumi na saba. Katika vita vikuu vilivyopita, walipigana akina nani? Nikataja Waingereza, Wafaransa, Warusi, Wadachi, Waturuki na wengine wao, mpaka mwisho.

"Umeruka," akasema mama. "Rudi."

Nikarudi, nikasema polepole, taifa baada ya taifa.

"Umeruka tena."

"Sikuruka, mama. Ndivyo lilivyo. Tazama hapo mbele yako."

"Natazama. Babangu yuwapi?"

Babake alikuwa fundi seremala, hapa hapa Mji wa Kale. Katika vita vile vya kwanza alichukuliwa pamoja na wanaume wengine wa pwani kubeba mizigo ya jeshi, masanduku ya risasi na magunia ya unga, kwa miguu hadi nchi ya Mdachi, yaani Mjerumani, kusini ya mpaka wetu. Hakurudi. Hakuna aliyeleta hata nguo yake, wala aliyesema amezikwa wapi. Kila mwaka tulimsomea hitima, na mama hakuwa na kaburi la kuzuru.

"Hayumo, mama," nikamwambia. "Kitabu hakikumtaja."

"Basi ni wewe uliyemwata uliponakili. Sikulaumu. Mwenye kunakili husahau."

Akaomba kalamu. Akaandika pembeni mwa ukurasa, kama anavyofanya mwandishi wa msahafu akiona neno lililosahauliwa: na wapwani waliobeba mizigo, wakafa. Tangu siku ile hakunipitisha swali la kumi na saba mpaka niyaseme na hayo. Ningeweza kumweleza kwamba hakuna aliyesahau, kwamba waliokiandika kitabu walikuwa macho na akili zao timamu. Sikumweleza. Nilitaka cheti, na nilitaka tufike swali la kumi na nane.

Siku ya mtihani mkaguzi alikaa barazani pa shule, amevaa kaptura, kijitabu mapajani. Aliniuliza ya Roma nikajibu, ya mvuke nikajibu. Kisha akauliza la kumi na saba. Nikaanza na Waingereza, nikaenda hadi Waturuki na wenziwao. Maneno ya mama yalikuwa tayari mdomoni, nimeshayasema mara nyingi mno. Mkaguzi alikuwa akifuata kwa kidole, na kidole kikafika mwisho wa mstari. Akainua macho. Nikapiga kimya.

"Vizuri sana," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Umehifadhi vizuri."

Mama alikuwa akiningoja nyumbani, nyuma ya mlango. Hakuniuliza kama nimefaulu. Aliuliza, "Lile la kumi na saba, ulilisema lote?"

"Nalilisema lote, mama."

Alilia. Kisha akapika vitumbua, akawapelekea majirani nyumba kwa nyumba, akiwaambia babake ametajwa mbele ya Serikali. Nami nilikula vitumbua vile. Vilikuwa vitamu, na hilo pia sijajisamehe.

Kaka yangu alikufa Bama, vita vikiwa karibu kwisha. Barua ilikuwa ya mistari minne ya Kiingereza, na mimi ndiye niliyeisoma na kumfasiria mama. Tukawa na hitima ya pili isiyo na kaburi.

Vita vilipokwisha nilikuwa tayari mwalimu, na shuleni tukaletewa kijitabu kipya. Maswali arubaini yalikuwa yale yale. La kama vita vikuu vyaweza kutokea tena lilikuwepo, na jibu lake ni La, kwa kuwa mataifa yamejifunza. Hawakuona haja ya kubadilisha hata nukta. Lililoongezwa lilikuwa la arubaini na moja: katika vita vya pili, walipigana akina nani? Nilisoma orodha ile nimesimama. Nilipofika mwisho sikumwona kaka yangu, nikakunja kitabu nikatoka nje, nikawaacha watoto wa watu darasani.

Mama alipata habari za kitabu kipya, akataka nimnakilie kama zamani. Nikaketi na kalamu. Katika la kumi na saba niliyatia maneno yake, safari hii ndani ya mstari. Nilipofika la arubaini na moja niliandika mataifa yote, kisha nikaongeza: na wapwani walioendesha malori, wakafa.

Aliweka daftari juu ya marufaa, akasoma kwa kidole. Alipofika hapo kidole kilisimama.

"Waona?" akasema. "Uliwaambia habari za babangu, wakasikia. Na nduguyo sasa wamemtia wenyewe, bila kuambiwa na mtu."

Sikuweza kumtazama.

"Keti," akaniambia. "Nikusikilize."

Nikaketi, nikasema yote, sikuruka neno.

Asubuhi yake, darasani, nilimwita mwanafunzi wa mstari wa mbele nikamuuliza la arubaini na moja. Alisimama, mikono nyuma, akataja taifa baada ya taifa kama lilivyochapwa, nami nikimfuata kwa kidole. Kidole kikafika mwisho wa mstari, naye akanyamaza.

"Vizuri sana," nikamwambia. "Umehifadhi vizuri."