Maharage ya Kuhesabia

Mwaka 1974 kijiji, kule kwenye barabara ya Njombe kwenda Makambako, kilimkabidhi Silvesta ufunguo wa jengo la kisomo cha watu wazima, ubao mmoja, na ahadi ya posho iliyokuja miezi michache kisha ikasahau njia. Maharage ya kuhesabia aliyatoa shambani kwake. Miaka kumi na minane baadaye yalikuwa yameng'aa kwa kushikwa, magumu kama kokoto, na wanafunzi waliobaki walikuwa kina mama saba na mzee mmoja kiziwi.

Silvesta mwenyewe aliishia darasa la nne kwa mapadre, ambako hesabu ziliimbwa na aliyekosea alichapwa. Aliimba nane na tano hadi akaota ndevu bila kujua kwa nini ni kumi na tatu. Alikuja kujua ukubwani, peke yake, akipanga viazi vya mbegu. Tangu hapo hakumfundisha mtu kuimba. Enzi hizo mtu aliona fahari kujua kitu mpaka ndani. Sasa jibu linatakiwa limeshaiva, kama andazi.

Juni hiyo, baridi ikiwa imeunguza mashina ya viazi, alikuja Efraimu, mratibu wa elimu wa kata, na faili kwapani. Alisema jengo limepata mpangaji, Halfan, muuza mitumba wa Makambako, na kijiji kinataka kodi. Ila wakipita wanafunzi wanne mtihani wa kujumlisha, darasa litabaki.

"Kamwene, mama," akamsalimu Hulda, mjane wa mstari wa mbele. "Nane na tano?"

Hulda akamwaga maharage mezani. Akatenga manane, akatenga matano.

"Jibu, mama."

"Linakuja. Kwani umeacha chungu jikoni?"

Wenzake wakacheka. Hulda akachukua mawili kwenye yale matano, akayasogeza kwa yale manane. "Hapa kumi imetimia. Kule yamebaki matatu. Hakuna lililozaliwa, hakuna lililokufa. Mawili yamehama nyumba, basi. Kumi na tatu."

"Na tano na nane?"

"Mwanangu, si haya haya? Njoo ukae upande wangu uyaone."

Efraimu hakwenda. Alitazama saa, akaandika: amekosa. "Karatasi inasema sekunde tano."

Paskalina, aliyefuata, alikuwa ameshaelewa mchezo.

"Saba na sita?"

"Kumi na tatu!"

"Safi sana! Tisa na tano?"

"Kumi na tatu!"

"Weee, Paskalina!" Hulda akampiga kofi la paja. "Hiyo ni ya kwangu, tafuta yako!"

Silvesta alikuwa amesimama kando ya ubao. Alijua angeweza kusema neno. Alingoja hasira, kama mtu anayengoja mgeni aliyemwandalia kiti, na hasira haikuja. Aliona tu kwamba chaki imemganda vidoleni. Mtihani ulipokwisha walikuwa wamepita wawili.

"Umesikia, mwalimu?" Efraimu akauliza.

"Nimesikia."

Silvesta akamkabidhi ufunguo. Kina mama wakabeba vigoda vyao. Hulda alikusanya maharage, akayafunga kwenye kitambaa, akamwekea mwalimu mkononi.

Alhamisi lori lilishusha marobota. "Shikamoo, mwalimu," Halfan alisema, kwa adabu kabisa. "Na ubao, nikuletee nyumbani?"

"Panga nguo juu yake."

Jumapili Rebeka, mkewe, alikuta kitambaa kwenye kona ya meza akayabandika yale maharage pamoja na mengine. Yalichemka toka watoke misani hadi kuni zikaisha.

"Baba, haya ni ya lini? Mengine yamepondeka, haya yamegoma."

"Ya sabini na nne."

"Ungesema niyatupe."

"Pakua tu."

Akapakuliwa. Ilikuwa rahisi kuyajua yale ya zamani, jino lilikuwa linayakuta. Aliyatafuna moja moja, taratibu, na hakuyahesabu.