Barua Iliyotoka kwa Jina Lake

Amefariki, wasomaji wangu, mama aliyesimamia kompyuta za chuo kikuu kule karibu na Kesses nilipokuwa mwalimu. Nilipigiwa simu Jumanne, na nilichohisi kwanza hakikuwa huzuni. Ilikuwa hofu, ileile ya miaka ya chama kimoja, iliyotufanya tufunge mlango kabla ya kutaja jina la mtu.

Siku hizo tulikuwa na chumba kimoja cha kompyuta, vioo vyeusi na maandishi ya kijani. Ukiketi, kioo hakikukwambia umeingia kwa jina la nani. Mchana mmoja mama huyo alikwenda kunywa chai bila kujiondoa kwenye mashine. Niliketi palepale, nikachapa barua ya kuuliza walimu wenzetu wawili waliochukuliwa na polisi wako wapi, nikatoa nakala na kuzisukuma chini ya milango ya ofisi. Sikuona kwamba chini ya kila ukurasa, kwa herufi ndogo, mashine ilikuwa imeandika jina lake. Kesho yake wanaume wawili wenye makoti walikuja kumchukua. Nilikuwa dirishani. Ningeweza kushuka nikasema ni mimi, lakini sikushuka. Nilirudi nyumbani, mtaa wa Munyaka, nikachoma nakala yangu jikoni, na kila gari lililopunguza mwendo nje lilinishtua.

Aliachiliwa baada ya siku tano, akichechemea. Hakumtaja wala kumlaumu mtu. Alijifungia na mashine zake wiki mbili, kisha akatuita mmoja mmoja tujaribu alichotengeneza: jina la aliyeingia, kwa herufi kubwa, juu kabisa ya kioo, likiwakawaka kabla hujatoa nakala yoyote. Zamu yangu ilipofika alisimama nyuma ya kiti.

“Mwalimu, soma hiyo jina iko hapo juu.”

Nilisoma jina langu.

“Ile siku haikuwa hapo, si ndiyo?”

“Ndiyo, Mama.”

“Basi. Sasa kila mtu abebe yake.” Akaita mwingine.

Vijana wanaotengeneza mifumo leo hupenda kumlaumu mtumiaji kwamba hakuwa makini. Yeye alirekebisha kioo. Mashine na ikuonyeshe wazi wewe ni nani na unakaribia kufanya nini, kabla mwingine hajaumia kwa sababu yako. Lakini kioo huishia kuonyesha tu. Watoto wake wanamzika Jumamosi, na hawajui aliteswa kwa barua ya nani. Nitakwenda kuwaambia, na naogopa kama siku ile dirishani.